Wa mwisho naye ana njia yake

Kwenye soka, timu inayoburuta mkia inazomewa wiki nzima. Kwenye mbio za pikipiki za ridhaa, wa mwisho ana mtihani mzito zaidi: anapitwa na watu wanaokimbia balaa, tena kwenye kona.

Chukua Manx Grand Prix kule Isle of Man, mashindano yaliyoanza mwaka 1923 kwa ajili ya waendeshaji wa ridhaa. Mzunguko mmoja ni zaidi ya kilomita 60 za barabara za kawaida, kuta na nyumba zikiwa pembeni. Waendeshaji huachiwa kwa kupishana sekunde, hivyo mwenye kasi atamkuta tu wa taratibu njiani. Mgeni huvalishwa kizibao cha rangi ya machungwa ili anayekuja nyuma amjue mapema.

Hatari inaanza pale wa taratibu anapopaniki, akahama ghafla eti anampisha mwenzake. Anayepita ndiye wa kutafuta upenyo. Anayepitwa ashike njia yake.

Wanaotaka wa taratibu aondolewe wanakosea. Kasi ndogo si kosa, kosa ni kuyumba. Na huyo mwenye kasi leo, jana naye alipitwa.