Mifano Mitano Haitoshi

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mkulima mwenye busara hayahesabu mawingu kuwa ndiyo mvua. Katika somo la hisabati, tofauti hiyo baina ya dalili na uthibitisho husahauliwa mara nyingi. Namba 4,294,967,297 ni shahidi wa jambo hilo.

Mnamo mwaka 1640, Pierre de Fermat, mwanasheria wa mji wa Toulouse nchini Ufaransa, alizichunguza namba zipatikanazo kwa kuipandisha 2 kwenye kipeo cha 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kuongeza 1. Namba hizo ni 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tano ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Fermat akaamini kwamba kila namba itakayofuata katika mpango huo itakuwa tasa, ingawa alikiri kwamba hakuwa na uthibitisho.

Namba inayofuata ni 2³² + 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi, alionyesha kuwa ni zao la 641 na 6,700,417. Imani ya miaka 92 ikaanguka kwa mgawanyo mmoja.

Tena, kigawo hicho hakihitaji kutafutwa kwa kupapasa. Euler alithibitisha pia kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo, kikigawanywa kwa 64, lazima kiache baki ya 1. Namba tasa za aina hiyo, kuanzia iliyo ndogo kabisa, ni 193, 257, 449, 577 na 641. Jaribio la tano latosha.

Shule imwonyeshayo mwanafunzi mifano mitatu, kisha ikamtaka akariri kanuni, humfundisha kosa lile lile la Fermat bila ya kumpa kipaji chake. Wapo walimu wasemao kwamba muhtasari wa somo ni mrefu na mtihani haungoji. Hoja hiyo ina uzito. Walakini, kuigawanya namba hiyo kwa 641, kwa kalamu na karatasi, hakumalizi hata kipindi kimoja. Mwanafunzi aonapo kwa macho yake baki ikiwa sifuri, hutambua kwamba katika hisabati neno la bingwa halishindi uthibitisho, wala neno la mwalimu wake halishindi.

Kukisia si aibu, kwani kisio la Fermat ndilo lililozaa kazi ya Euler. Aibu ni kukomea hapo. Hadi leo haijapatikana namba tasa ya mpango huo iliyo kubwa kuliko 65,537, wala haijathibitishwa kwamba haipo. Mwalimu hana budi kuwaambia wanafunzi wake hilo pia, ili wajue kwamba kazi bado ipo.