Usifute testi ndio kiraka chako kipite

Wacha niseme wazi: ukileta kiraka kwenye mradi wa programu huria, testi zikaanguka, halafu suluhisho lako likawa ni kuzifuta hizo testi, mimi sikipitishi. Hata kama tumetoka mtaa mmoja. Wengi mnaita hiyo roho mbaya, ati wakaguzi wanawabania vijana wanaotafuta kitu cha kuweka kwa CV. Sikatai, kuna wakaguzi wenye madharau. Hii siyo madharau.

Testi ni mlinzi. Mtu fulani kabla yako aliteswa na hitilafu, akairekebisha, akaacha mlinzi mlangoni isirudi. Wewe unafika leo, mlinzi anakuuliza unaenda wapi, unamfukuza kazi.

Kama unadhani natia chumvi, soma kuhusu Debian. Mwaka 2006, mtu aliyesimamia OpenSSL pale Debian aliona Valgrind, zana ya kukagua memori, ikilalamika kuhusu memori ambayo haijajazwa thamani. Hakuwa mwizi wala mvivu. Aliwauliza hata watengenezaji wa OpenSSL wenyewe, na jibu alilopata halikumzuia. Akaondoa laini mbili. Malalamiko yakaisha, kila kitu kimya.

Shida ni kwamba mojawapo ya laini hizo ndiyo iliyokuwa ikichanganya bahati nasibu ndani ya funguo za siri. Ilipoondoka, kilichobaki cha kutofautisha funguo ni namba ya mchakato tu, ambayo wakati huo kwa kawaida haikupita 32,768. Hizo laptop ya kawaida inaweza kuzitengeneza zote mapema na kuzijaribu moja moja. Mambo yakagunduliwa Mei 2008, karibu miaka miwili baadaye, Ubuntu nayo ikiwa ndani. Na kusasisha programu hakukutosha, kwa sababu funguo dhaifu zilikuwa zimeshasambaa. Watu walilazimika kuzitupa na kutengeneza mpya, seva baada ya seva.

Laini mbili, jameni!

Sasa fikiria leo, ambapo AI inakuandikia laini 400 kwa dakika moja, unazituma bila kuzisoma, na anayezipitia ni mtu wa kujitolea aliyetoka kazini saa mbili usiku. Hapo ndipo hasira yangu iko. Mimi niliacha chuo, na maoni ya wakaguzi yamenifunza mengi kuliko ukumbi wowote wa mihadhara. Muda wao si wa kuchezea.

Na ndio, kuna testi mbovu. Zingine zinategemea saa au mtandao, leo zinapita, kesho zinaanguka bila mtu kugusa kitu. Hizo zirekebishwe, lakini kwa kiraka chake peke yake, usizifiche katikati ya kipengele chako kipya.

Ukitaka nikupitishie, niandikie sentensi mbili: hiyo testi ilikuwa inalinda nini, na kwa nini hailindi tena. Ukiwa nazo, nitafute hata saa sita usiku, tutaongea.