Bei ya tangazo la mnada hulipwa na nani?

Mkulima wa viazi katika tarafa ya Bugeshi, wilayani Rubavu, akishindwa kulipa mkopo na shamba lake likapigwa mnada, gharama za utekelezaji kwa kawaida humrudia yeye. Kwa miaka mingi tangazo la gazetini lilikuwa miongoni mwa gharama hizo.

Mfanyabiashara anayetangaza sabuni akiona bei imepanda, huenda kwingine au hunyamaza. Anayetangaza kwa amri ya sheria hana hiari hiyo, na gazeti lenye mteja wa namna hiyo laweza kutoza litakavyo. Ufaransa ililitambua jambo hili mapema: chini ya sheria ya Januari 4, 1955, matangazo ya kisheria huchapishwa na magazeti yaliyoidhinishwa, lakini bei hupangwa na serikali. Tangu 2021, kampuni nyingi zinazoanzishwa huko hulipa kiasi kimoja maalumu, tangazo liwe refu au fupi.

Rwanda ilishika njia nyingine. Tangu 2020 minada ya kutekeleza hukumu huendeshwa kwa mfumo wa mtandao. Ni hatua njema, ila jirani anayelijua vyema shamba hilo, mwenye simu ya vitufe, huenda asilione tangazo kamwe. Na mnada wenye wanunuzi wachache huuza kwa bei ya kutupa. Ipo haja tangazo lisomwe pia redioni, kwa ada iliyowekwa na serikali na kujulikana mapema, si ya kujadiliwa na mtu aliyekwisha kufilisika.