"Chanya" Yenye Kutatiza: Picha za Ubongo na Wajibu wa Wanakiswahili

Asiyejua maana haambiwi maana. Huko Likoni, Kisauni na Changamwe, mzee anapoanza kuisahau njia ya kwake, aghalabu husemwa kuwa amerudi utotoni. Wengine hunong'ona habari za uchawi. Sayansi nayo ina jibu lake. Mnamo mwaka wa 2012 Marekani iliidhinisha florbetapir, dawa nururifu inayodungwa mshipani ili kuonyesha amiloidi, protini inayohusishwa na ugonjwa wa Alzheimer, katika ubongo wa mtu aliye hai.

Picha hiyo haipigwi kwa kamera. Mtambo wa PET huhesabu jozi za miale ya gama, kisha kompyuta ikaijenga picha kutokana na hesabu hizo. Dawa hunata hata katika sehemu nyeupe ya ubongo usio na amiloidi. Kwa hiyo daktari hutazama iwapo mpaka baina ya sehemu hiyo na gamba la kijivu ungalipo au umetoweka. Picha ikiwa na ukungu, mng'ao wa sehemu nyeupe humwagikia gamba, na madaktari wawili huweza kuhitilafiana. Ndiyo sababu wataalamu hubuni mbinu za ujenzi zinazokadiria ukungu wa mtambo na kuupunguza. Hata hivyo, kuinoa picha kupita kiasi huweza kuzua kingo zisizokuwepo. Mhariri wa hati za kale za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu anaifahamu hatari hii: asome kilichoandikwa, asiongeze chake.

Lakini picha safi haitoshi. Jijini Nairobi mitambo ya PET ipo, hasa kwa ajili ya saratani. Si ajabu siku moja mwana wa Likoni akampeleka mamake huko kwa sababu ya usahaulifu. Akiambiwa matokeo ni "chanya", ataelewaje? Kwetu mtazamo chanya ni mtazamo mwema! Aidha, wapo wazee wenye amiloidi ilhali akili zao ni timamu.

Kwa maoni yangu, ripoti iseme "amiloidi imeonekana" au "amiloidi haikuonekana", kisha ieleze kwamba kuonekana kwake pekee si uthibitisho wa ugonjwa. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, tuketi na madaktari tuyatafute maneno hayo mapema. Mama yule asivuke feri kurudi nyumbani akidhani amepona, wala akidhani amehukumiwa.