Maneno Machache ya Baba



Methali yetu humtaja mama: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Baba hakutajwa. Hata katika hazina ya tenzi zetu, wosia unaojulikana kuliko wote ni wa mama, Mwana Kupona binti Mshamu, aliyekuwa mke wa Bwana Mataka wa Siyu, alioutungia bintiye mnamo 1858. Shaaban Robert alisawazisha mizani kidogo alipowatungia wanawe, Hati kwa binti na Adili kwa mwana wa kiume. Lakini akina baba walio wengi si watunzi. Wao husema neno moja mlangoni huku wakivaa viatu, kisha huondoka, na pengine neno hilo ndilo mtoto atakalolikumbuka akiwa na miaka hamsini.

Wiki hii nimeletewa barua inayohusu neno moja la namna hiyo. Aliyeiandika ni mama wa watoto wawili, mzaliwa wa Mombasa. Mumewe ni Mkisii wa Nyacheki, huko Bobasi, aliyesilimu akiwa kijana baada ya kushuka pwani kutafuta kazi. Wakwe zake ni Wasabato, kama walivyo wengi katika milima ile. Likizo iliyopita waliwapeleka watoto kwa babu yao kwa mara ya kwanza: usiku kucha ndani ya basi, asubuhi Nairobi, kisha safari ya kupanda kuelekea kwenye baridi, migomba na mashamba ya chai.

Jioni ya kwanza bibi aliandaa obokima, yaani ugali wa wimbi, pamoja na chinsaga, mboga tunayoiita mwangani, iliyopikwa kwa maziwa, na kuku. Mtoto mkubwa, mvulana wa miaka 12 ambaye amehifadhi juzuu kadhaa na ni fahari ya madrasa yake, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba yeye hali chakula cha makafiri. Babu anakijua Kiswahili vizuri. Alinyanyuka bila neno, akasema anakwenda kuwatazama ng'ombe.

Baba hakumpiga mtoto wala hakumfokea mbele za watu. Alimchukua mpaka ukingoni mwa migomba, akamwambia: "Adabu niliyoingia nayo msikitini niliitoa katika ua huu. Babu yako ndiye aliyenifunza kunyamaza mkubwa anaposema, kabla sijaijua Fatiha." Hakuongeza kitu.

Mama anauliza: je, mume wangu alisema sawa? Anauliza kwa sababu aliporudi Mombasa na kusimulia, baadhi ya jamaa zake walisema kwamba baba yule ameishusha dini mbele ya mtoto, na kwamba ilimpasa kumpongeza kijana kwa msimamo wake.

Namjibu waziwazi: alisema sawa, na jamaa zake wamekosea.

Tumrudie baba ambaye Mwenyezi Mungu mwenyewe ametuhifadhia maneno yake. Katika Sura ya Luqman, kuanzia aya ya 13, mzee yule mwenye hekima anamuusia mwanawe, na mara tatu anamwita kwa wito wa mapenzi kabla ya kumfunza jambo. Anaanza na tauhidi, na hapo hapana masihara. Kisha, katikati ya wosia, Mwenyezi Mungu anaingiza agizo lake kuhusu wazazi, na katika aya ya 15 anataja hali iliyo nzito kuliko ya Nyacheki: wazazi wanaomshikilia mtoto wao amshirikishe Mungu. Hata hao, mtoto ameamrishwa asiwatii katika jambo hilo, kisha akae nao duniani kwa wema. Babu wa Nyacheki hakumshikilia mtu aiache dini yake. Alimkaribisha mjukuu wake chakula.

Na katika Hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Bi Asmaa binti Abubakar alijiwa na mama yake ambaye bado alikuwa mshirikina. Akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama amuunge, naye akamwambia amuunge. Kijana wetu huenda alikwisha kumsikia Bi Asmaa katika habari za Hijra, akipeleka chakula pangoni. Habari hii ya pili nayo afundishwe.

Mwisho wa wosia wake, Luqman anashuka kwenye mambo madogo ya kila siku: usiwageuzie watu shavu kwa kiburi, usitembee kwa maringo, punguza sauti yako, maana sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda. (Wasomaji wetu wa Lamu hawahitaji tafsiri.) Mtoto aliyehifadhi sura hiyo kisha akapaza sauti mbele ya babu yake ameihifadhi nusu. Nusu ya pili haisomwi kwa mwalimu peke yake. Mtoto huiona kwa baba yake, namna anavyokaa mbele ya wazee wake.

Sasa niseme juu ya "adabu ya ua huu", kwa kuwa jamaa wa Mombasa huenda walidhani baba yule alikuwa akijifariji tu. Wakisii wana jambo waliitalo chinsoni, neno linalotokana na haya. Ni kanuni za haya na heshima baina ya vizazi. Robert na Barbara LeVine, watafiti walioishi Nyansongo katika miaka ya 1950, waliandika mengi juu yake. Katika mila hiyo baba haingii ndani ya nyumba ya mwanawe aliyeoa. Baba na mwana hawaonani utupu, wala maneno ya aibu hayasemwi mbele ya mmoja wao. Mvulana alipopevuka alihama nyumba ya mama yake akalale esaiga, nyumba ya vijana. Mkwe na mkwe huchungiana macho na ulimi.

Sisemi kwamba mila yote ni sheria. Lakini fungueni Sura ya Nur, aya ya 58. Watoto wasiobaleghe wanaamrishwa waombe ruhusa nyakati tatu kabla ya kuingia walipo wakubwa: kabla ya sala ya alfajiri, adhuhuri watu wanapopunguza nguo, na baada ya sala ya isha. Aya inayofuata inasema kwamba wakibaleghe waombe ruhusa kila mara. Katika nyumba ngapi za Kisauni na Majengo watoto hubisha hodi kwenye chumba cha wazazi wao? Pazia tunalo, lakini hodi imetutoka. Mtu aliyelelewa katika chinsoni akisomewa aya hiyo haioni ngeni. Mwili wake unaijua tayari. Ndiyo maana nayaamini maneno ya baba yule.

Hata hivyo sitamwachia hivi hivi, kwani katika barua mna jambo ambalo mama amelitaja kwa kupita. Kuku yule alichinjwa mchana na baba mwenyewe, kwa Bismillahi, nyuma ya jiko, babu akiwa amemshikia. Babu alikwisha kufikiria. Wasabato nao hawali nguruwe na hawanywi pombe, hivyo mashaka ya sufuria yalikuwa madogo. Lakini hakuna aliyemwambia mtoto! Swali lake halikuwa ovu. Amefunzwa kuchunga anachokula, na alikuwa katika nyumba asiyoijua. Kosa lake ni neno alilolichagua na mahali alipolisemea. Lau baba angemwita saa ile ya kuchinja, akamwonyesha kisu na kibla, na kumwambia kwamba akiwa na shaka amnong'oneze yeye, mzee asingeondoka mbele ya sahani yake. Akina baba wetu husema maneno mazuri, lakini mara nyingi huyasema baada ya chombo kuvunjika.

Tazameni alivyofanya Mtume (s.a.w.) kwa Umar bin Abi Salama, mtoto wa Bi Ummu Salama aliyelelewa nyumbani kwake. Mkono wa kijana ulikuwa ukizunguka sinia nzima. Akamwita kwa upole, akamfunza mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Yalisemwa pale pale, mkono ungali sahanini, wala hayakuwa na tusi ndani yake. Umar alisimulia ukubwani kwamba tangu siku ile ulaji wake haukubadilika.

Na sisi akina mama tuna sehemu yetu. "Ngoja baba yako aje!" Tumewafanya waume zetu kuwa bakora inayotundikwa nyuma ya mlango. Mtoto akikosa saa nne asubuhi, jina la baba hutumiwa kumtisha mpaka magharibi, na baba anapoingia amechoka hukuta amekwisha kupewa kazi ya kupiga. Akitaka kusema neno la taratibu, nani atalisikia? Mama wa barua hii ajue kwamba ana mume aliyeweza kuzungumza na mwanawe chini ya migomba bila kuinua mkono. Awaambie jamaa zake hivyo.

Ushauri wangu kwa safari ijayo: kabla ya kupanda basi, baba akae na watoto awaeleze nani ni nani, na salamu za kule. Bintiye wa miaka tisa tayari amelijua moja. Katika Ekegusii baba huitwa tata, na neno baba ni la mama, kila alipoita "Baba!" uani, bibi yake ndiye aliyeitika, watu wakacheka. Kijana naye apewe la kusema mbele ya babu yake. Kuomba radhi kwa maneno mawili kunatosha, na asisukumwe kulisema mbele ya hadhara.

Nadhani mzee hatakuwa mgumu. Mama ameandika pembeni mwa karatasi, kama jambo lisilo na uzito, kwamba asubuhi ya siku ya pili babu alimuuliza mwanawe Waislamu huelekea upande gani. Akaonyeshwa kaskazini, ukipinda kidogo mashariki. Mchana kamba ya ndama iliyokuwa upande ule wa ua ilikuwa imehamishwa, na mahali pale pamefagiliwa.