Chanjo ndani ya bakteria wa mtindi: Njia ya misafara itafaidika?

KIPINDUPINDU kilipovamia Afrika Mashariki katika karne ya 19, kilitembea na wapagazi. Dk. James Christie, tabibu aliyefanya kazi Unguja, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1876 jinsi ugonjwa huo ulivyofuata njia za misafara ya bara. Tabora ilikuwa njia panda: huku Ujiji, huku Karagwe.

Pembe za ndovu hazibebwi tena mabegani, lakini ugonjwa haujaisahau njia. Mwezi Mei mwaka 2015 ulizuka kati ya wakimbizi wa Burundi waliofurika Kagunga, mkoani Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikapelekewa chanjo ya kumeza. Zanzibar ilikwishaitumia chanjo ya aina hiyo mwaka 2009.

Ubora wa kumeza ni kwamba kinga huamshwa kwenye ute wa utumbo, mlango uleule anaoingilia adui. Sindano ya mkononi hailifanyi hilo vizuri. Hata hivyo, chanjo hutengenezwa na viwanda vichache mno. Oktoba 2022 uhaba ulilazimisha maeneo yenye mlipuko duniani kupewa dozi moja badala ya mbili.

Ndiyo maana watafiti wanawatazama bakteria wa mtindi. Lactococcus lactis, anayegandisha maziwa, hupandikizwa jeni ya kipande kidogo cha kimelea. Akimezwa huwa amebeba kipande hicho, na mwili hujifunza kukitambua. Mwaka 1997 ilitangazwa kwamba panya waliomezeshwa bakteria wa namna hiyo walikingika dhidi ya sumu ya pepopunda.

Panya si binadamu. Utumbo umezoea kuvumilia chakula, na huweza kuivumilia chanjo vilevile. Isitoshe, chanjo za matone, ikiwamo ya rotavirusi iliyoanza kutolewa nchini mwaka 2013, hukinga watoto wa nchi maskini kwa kiwango cha chini kuliko wa nchi tajiri. Hadi sasa hakuna chanjo ya bakteria wa mtindi iliyoidhinishwa kwa binadamu.

Ufundi wa kuwatunza bakteria hao si mgeni Kanda ya Ziwa. Tangu mwaka 2004 akina mama wa Mwanza, kwa ushirikiano na chuo kikuu kimoja cha Kanada, wametengeneza mtindi wenye Lactobacillus rhamnosus GR-1, bakteria wa asili asiyebadilishwa jeni. Lakini kibuyu hakipimi dozi. Chanjo lazima ipimwe.

Kikwazo kikubwa zaidi huenda kikawa siasa. Mwaka 2018 serikali iliagiza majaribio ya mahindi yaliyobadilishwa jeni huko Makutupora, Dodoma, yasitishwe, ingawa mahindi hayo yalikuwa ndani ya uzio. Bakteria hutoka chooni na kuingia ardhini. Wanasayansi wa Ubelgiji walilitafutia dawa tatizo hilo: bakteria wao, aliyebeba dawa ya uvimbe wa utumbo na ambaye matokeo ya kujaribiwa kwake kwa wagonjwa yalichapishwa mwaka 2006, aliondolewa jeni moja ili afe akikosa kirutubisho maalumu.

Ni nani atakayewaeleza hayo wananchi wa Urambo au Kaliua, na kwa lugha ipi, bado halijapangwa.