Pikipiki ya Kwanza Iwe ya Kiasi

Mjomba wangu, bwana shamba, ataka pikipiki yake ya kwanza ya kupandia njia za mlimani. Rafiki zake wamsifia ya sisi 450. Mimi nasema hapana! Nguvu zile huinua gurudumu la mbele kabla mkono haujazoea. Anayejifunza yamfaa ya sisi 125 au 150, injini ipozwayo kwa upepo, na yenye kiki, betri ikifa. Akiikalia, miguu iguse chini. Ikiwa ni kuukuu, aiwashe ingali baridi: moshi wa buluu maana yake yala oili. Fedha itakayosalia anunue helmeti na viatu vigumu. Mjomba ndiye anilipiaye nauli na vitabu, namtaka mzima. Mwenda pole hajikwai.